Nani Aingie Uwanjani? Historia ya Kufuzu katika Mpira wa Magongo

Neno kufuzu limetujia kutoka Kiarabu, na katika asili yake maana yake ni kushinda. Kiswahili kimelipeleka mbele kidogo. Kwetu mtu hufuzu mtihani, hufuzu mafunzo, au hufuzu kuingia mahali ambapo wenzake wamezuiwa. Aliyeshinda amekwisha maliza shindano lake. Aliyefuzu, kwa maana itumikayo katika michezo, ndiyo kwanza amepewa ruhusa ya kulianza. Na palipo na ruhusa hapakosi mwenye kuitoa. Insha hii yataka kumtazama mwenye kuitoa ruhusa hiyo katika mchezo mmoja, yaani mpira wa magongo, na katika mkutano mmoja wa mataifa, yaani Michezo ya Olimpiki.

Mchezo huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Ulidumu kuwa mchezo wa ridhaa muda mrefu kuliko michezo mingi ya timu. Waliouchezea mataifa yao walikuwa makarani, walimu, askari polisi na watumishi wa reli, ambao waliomba likizo ili waende wakacheze, na wakarudi kazini bila ya kuongezewa hata senti moja. Tena ni mchezo ambao Afrika ya Mashariki ilipata kuwa na jina kubwa ndani yake, jina ambalo vijana wengi wa leo katika vyuo vyetu hawana habari nalo. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, lililochezwa Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne kati ya timu 10. Ilishindwa na Hispania kwa bao moja katika nusu fainali, na ikashindwa na India kwa mabao 2 kwa 1, baada ya muda wa nyongeza, katika kuwania nafasi ya tatu. Miaka miwili baadaye, Amstelveen, Kenya ilikuwa ya 12 kati ya timu 12, na tangu hapo haijaonekana tena katika Kombe hilo. Anguko la namna hiyo halitokani na miguu ya wachezaji peke yake. Sehemu yake moja imo katika habari ya mlango, na ndiyo tutakayoieleza.

Mwanzo wa mambo haukuwa na taratibu yoyote ya kujivunia. Mpira wa magongo uliingia katika Olimpiki mwaka 1908 London, na timu zilizocheza zilikuwa sita: Uingereza, Ireland, Scotland, Wales, Ujerumani na Ufaransa. Mtu akihesabu ataona kwamba nne kati ya sita zilitoka katika ufalme mmoja, na ufalme wenyewe ndio uliokuwa mwenyeji. Mwaka 1924 mchezo uliachwa nje kwa sababu haukuwa na chama cha dunia nzima cha kuusimamia. Chama hicho kikaundwa Paris mwaka huo huo, na mwaka 1928 mchezo ukarudi Amsterdam, ambako India ilitwaa dhahabu yake ya kwanza.

Yaliyotokea Los Angeles mwaka 1932 yafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba zamani mambo yalikuwa ya haki kwa kuwa yalikuwa mepesi. Dunia ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi, na safari ya kufika pwani ile ya Marekani ilikuwa ndefu na ya gharama. Timu tatu tu zilitokea: India, Japani na wenyeji wenyewe. Marekani ilifungwa na India mabao 24 kwa 1, ikafungwa na Japani mabao 9 kwa 2, kisha ikavikwa nishani ya shaba. Hakuna aliyedhulumiwa kwa makusudi, wala hapakuwa na kamati iliyomfungia mtu mlango. Nauli peke yake ilitosha kuwa mlango. Kwa mchezaji wa ridhaa nauli huja kabla ya kanuni, na kanuni yoyote ya kufuzu isiyoitaja nauli imenyamaza juu ya nusu ya jambo lenyewe.

Kenya iliingia katika Olimpiki mwaka 1956 Melbourne, ingali koloni, na timu yake ya magongo ilikuwa miongoni mwa timu 12. Tangu hapo ilikwenda Roma mwaka 1960 ikawa ya saba, Tokyo mwaka 1964 ikawa ya sita, na Mexico mwaka 1968 ikawa ya nane. Avtar Singh Sohal, ambaye alicheza Olimpiki nne kutoka Roma hadi Munich, aliiongoza kama nahodha katika tatu za mwisho. Wenzake wengi walikuwa Masingasinga na Wagoa wa Nairobi na miji mingine, waliolelewa katika vilabu vyao na katika shule zilizofundisha mchezo huo kwa bidii. India na Pakistani, mabingwa wa dunia wa siku zile, hawakuwa wageni katika viwanja vya Nairobi. Timu ya India iliyozuru Afrika ya Mashariki mwishoni mwa mwaka 1947 ilikuja na Dhyan Chand mwenyewe.

Hapa sina budi kuingiza neno moja kabla ya sifa hazijatulevya. Chini ya ukoloni, vilabu na shule viligawanywa kwa rangi, na gongo halikumfikia kijana wa Kiafrika isipokuwa kwa nadra. Kwa hiyo timu ile, hodari kama ilivyokuwa, nayo ilikuwa imekwisha pita katika mlango mwembamba nyumbani kabla ya kufika katika mlango wa Olimpiki. Wachezaji hawakuuchonga mlango huo, na lawama si yao. Lakini mwanahistoria akiuliza ni nani aliyefuzu, yampasa aulize pia ni nani ambaye hakupata hata kujaribu.

Katika Olimpiki za 1960 hadi 1972 timu za magongo zilikuwa 15 au 16. Munich mwaka 1972 ilikuwa na timu 16, na mbili kati yake zilitoka katika Afrika ya Mashariki, Kenya na Uganda. Kumbukumbu hii ina uchungu ndani yake. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda, na kuwapa siku 90. Michezo ilipofunguliwa siku 22 baadaye, wachezaji wenye asili ya Asia walikuwa uwanjani wamevaa rangi za Uganda, na hesabu ya siku zile ilikuwa ikiendelea. Huko Kenya Waasia wengi walikuwa wamekwisha anza kuhama tangu mwaka 1967 na 1968, na pamoja nao walihama walimu wa mchezo, waamuzi, na watoto ambao wangeshika magongo baada ya baba zao.

Wakati shina la mchezo likikatwa hivyo huku kwetu, mlango nao ulipunguzwa. Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilipangiwa timu 12 badala ya 16. Tena kwa mara ya kwanza mchezo huo ulichezwa juu ya nyasi bandia. Wengi hudhani kwamba nyasi hizo ni jambo la ufundi tu, nami naona ndiyo kanuni kali kuliko zote za kufuzu zilizopata kuwekwa katika mchezo huu, ijapokuwa haikuandikwa katika kitabu cha kanuni. Uwanja wa nyasi za kawaida huweza kutengenezwa na shule yoyote yenye ardhi tambarare, jembe na mvua. Uwanja wa nyasi bandia wataka fedha nyingi, maji ya kuunyunyizia, na fedha nyingine kila baada ya miaka michache. Nchi yenye viwanja mia na nchi yenye uwanja mmoja zikikutana katika mashindano ya kufuzu, filimbi ya mwamuzi huzikuta zimekwisha tenganishwa.

Kenya ilikuwa na nafasi katika zile 12 za Montreal, lakini haikucheza. Nchi nyingi za Afrika zilisusia Michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini, na New Zealand haikuondolewa. Mashindano ya magongo yakaendelea na timu 11, na aliyetwaa dhahabu alikuwa New Zealand. Sisemi kwamba kususia kulikuwa makosa. Ubaguzi wa rangi haukuwa jambo la kuamkiana nalo. Nasema tu kwamba gharama ya msimamo ule ililipwa pia na wacheza magongo wa Nairobi, na hakuna aliyepata kuwarudishia.

Sasa tufike Moscow, mwaka 1980, maana hapo ndipo palipo na fundisho kubwa kuliko pote. Marekani na nchi nyingi nyingine zilisusia kwa sababu ya Urusi kuingia Afghanistan. Kenya nayo haikwenda. Timu nyingi za magongo zilizokuwa zimefuzu zikajitoa, na waandalizi wakabaki na viti vitupu. Wakawaalika waliokuwa tayari kuja. Katika mashindano ya wanaume zikapatikana timu sita: India, Hispania, Urusi, Poland, Cuba na Tanzania. Katika mashindano ya wanawake, yaliyokuwa ya kwanza katika historia ya Olimpiki, mwaliko ulifika hata Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru tarehe 18 Aprili mwaka huo huo, na mwaliko wenyewe ulikuja wiki chache tu kabla ya Michezo.

Watanzania wanaikumbuka Moscow kwa nishani za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui katika mbio. Timu ya magongo haitajwi, na sababu yaeleweka: India iliifunga mabao 18 kwa 0, nayo ikamaliza ya sita katika timu sita. Mtu aliyetaka ushahidi kwamba mwenye kualikwa bila kufuzu hana haki ya kuwako alikuwa nao mkononi. Lakini na asubiri kidogo. Wanawake wa Zimbabwe, chini ya nahodha wao Ann Grant, waliingia kwa mlango ule ule wa kiti kitupu. Hawakuwa na mazoea ya nyasi bandia. Walicheza na Poland, Chekoslovakia, Urusi, India na Austria, hawakufungwa na yeyote, na katika mchezo wao wa mwisho waliifunga Austria mabao 4 kwa 1 wakatwaa dhahabu. Ni kweli kwamba mashindano yenyewe yalikuwa yamepungukiwa na walio bora. Ni kweli pia kwamba timu ile ya Zimbabwe ilikuwa ya wachezaji weupe watupu, zao la viwanja na shule za Rhodesia, na habari ya mlango mwembamba wa nyumbani yahusu huko kuliko popote. Hata hivyo ukweli mmoja wabaki. Walioketi na karatasi kabla ya mwaka 1980 wakiamua ni timu zipi zistahili kuitwa hawakuiona Zimbabwe katika karatasi zao.

Atakayesema kwamba hilo lilikuwa ajali ya mwaka mmoja na atazame Los Angeles mwaka 1984. Urusi na wenzake walisusia, nafasi yao katika magongo ya wanaume ikapewa Uingereza, ambayo haikuwa katika orodha ya kwanza. Uingereza ikatwaa nishani ya shaba, na miaka minne baadaye, Seoul, ikatwaa dhahabu. Kama kiti kile kisingeachwa kitupu, timu hiyo ingebaki nyumbani mwaka 1984, na wataalamu wangesema kwamba ilistahili kubaki. Kenya nayo ilikuwako Los Angeles, na ikawako tena Seoul mwaka 1988. Hiyo ndiyo Olimpiki ya mwisho ya magongo iliyoiona timu ya Afrika ya Mashariki.

Waama, uhodari wa timu ya ridhaa si kitu kilichokaa ghalani kikingoja kupimwa. Huongezeka kwa kukutana na walio hodari, na hupungua kwa kukaa mbali nao. Ukiifungia timu nje kwa miaka 12 kwa kuwa ni dhaifu, katika mwaka wa 13 utaikuta dhaifu zaidi, na utapata sababu nyingine nzuri ya kuifungia. Wenye timu za kulipwa waweza kuukwepa mzunguko huu kwa kununua mwalimu na kununua safari. Mwalimu wa shule wa Kisumu au karani wa Dar es Salaam anayecheza jioni hana cha kununulia.

Tangu miaka ya 1990 hoja hii imekuwa na sura nyingine katika bara letu. Afrika Kusini, iliyofukuzwa katika Olimpiki kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ilirudi mwaka 1992. Ilirudi na shule zake, viwanja vyake na walimu wake, vilivyojengwa katika miaka ambayo watoto wengi wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kuvikanyaga. Kenya na Zimbabwe, ambazo zilikuwa zimepata nafasi zao wakati mkubwa huyo hayuko, sasa zikamkuta amesimama mlangoni. Haki ya kufukuzwa kwake ilikuwa haki, na haki ya kurudi kwake ilikuwa haki. Lakini tokeo lake ni kwamba nafasi iitwayo ya Afrika imekuwa, mara nyingi mno, nafasi ya nchi moja.

Na nchi hiyo yenyewe iliwahi kuikataa! Wanaume wa Afrika Kusini walishinda katika bara lao na kuipata nafasi ya kwenda Sydney mwaka 2000, lakini kamati ya Olimpiki ya nchi yao ikakataa kuwapeleka kwa hoja kwamba njia ya Afrika ni nyepesi mno. Hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyocheza magongo Sydney. Mwaka 2016 jambo likarudiwa kwa wanaume na kwa wanawake pamoja: walikuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka 2015, wakazuiwa kwenda Rio, nafasi ya wanaume ikapewa New Zealand na ya wanawake ikapewa Hispania. Ni baada ya hapo ndipo kamati ilipolegeza msimamo, na timu zake zikaenda Tokyo na Paris kwa njia ile ile ya bara.

Nimeitafakari hoja ya kamati ile kwa muda, kwa sababu si hoja ya kipumbavu. Yasema kwamba fedha ya umma isitumike kupeleka timu kwenda kufungwa, na kwamba mchezaji hapati heshima kwa kumshinda jirani asiye na uwanja. Lakini angalia tokeo lake. Kamati ilipoikataa nafasi, haikumwachia jirani huyo aliyefuata katika orodha ya Afrika. Nafasi ilivuka bahari ikaenda kwa wale ambao tayari walikuwa nazo nyingi. Mchezaji wa Kenya, Ghana au Misri alipoteza kitu katika shauri ambalo hakuitwa kulisikiliza.

Kasoro hiyo hiyo imo katika kanuni ya dunia. Kwa Olimpiki za Tokyo na Paris kanuni iliweka timu 12 kwa wanaume na 12 kwa wanawake: mwenyeji, mabingwa wa mabara matano, na waliobaki walipatikana kwa mashindano ya kufuzu yaliyo wazi kwa mabara yote. Kanuni hii ni bora kuliko ile ya kamati kuketi na karatasi, maana mchezaji huijua kabla, na huamuliwa uwanjani. Lakini ilipofika zamu ya Tokyo, Japani ilikuwa mwenyeji, na timu zake za wanaume na wanawake zilikuwa pia zimeshinda Michezo ya Asia ya mwaka 2018. Taifa moja likawa na haki mbili za kuingia. Nafasi iliyozidi haikupewa wa pili wa Asia. Ilitupwa katika mashindano ya wazi, ambako penye nafasi 6 pakawa na 7. Hapo mtu anaweza kuuliza nafasi ya bara ni mali ya nani. Ikiwa ni ya bingwa, basi huondoka naye. Ikiwa ni ya bara, yapasa ibaki barani hata bingwa akiwa na njia nyingine au akikataa kwenda.

Mimi nashikilia kwamba ni ya bara. Nafasi hiyo iliwekwa ili mchezo usiwe wa pembe mbili tu za dunia, na kusudi hilo halitimizwi kwa kumtunza aliye wa kwanza peke yake. Kanuni ikiandikwa hivyo waziwazi, mchezaji wa Nairobi au Kampala atakuwa na lengo analoweza kuliona kwa macho yake: kuwa wa pili wa Afrika kutakuwa na thamani. Kisha liongezwe jambo la nauli. Shirikisho likitaka timu kumi zikutane katika mji mmoja ili moja ifuzu, basi nauli na malazi viwe mzigo wa mfuko wa pamoja, wala si wa wachezaji wanaotoa mifukoni mwao au vyama vinavyozunguka na bakuli maofisini. Na mji wenyewe usiwe mmoja kila mara. Mashindano ya kufuzu ya Afrika yalichezwa Randburg kwa ajili ya Rio, Stellenbosch kwa ajili ya Tokyo, na Pretoria kwa ajili ya Paris. Miji yote mitatu imo katika nchi moja, nayo ndiyo iliyoshinda mara zote tatu, kwa wanaume na kwa wanawake.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba huko ndiko kwenye viwanja. Ni kweli, na ni jibu lile lile lililotolewa mwaka 1976. Baada ya mashindano ya Pretoria, yaliyochezwa mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka 2023, timu ya wanaume ya Misri ilipata kujaribu tena. Mwezi wa Januari 2024 ilisafiri hadi Valencia, ikakaa katika kundi la timu nane zilizowania nafasi tatu, pamoja na Ubelgiji, waliokuwa mabingwa wa Olimpiki, na Hispania wenyeji. Haikufuzu.